Kuzima klasta ya Proxmox yenye hifadhi ya pamoja: dalili za kukwama na vyanzo vyake

Mwongozo huu ni wa msimamizi mwenye klasta ya Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe kwenye kundi la seva, mara nyingi nodi (seva) tatu, ambayo mashine pepe zake, yaani VM, zinatumia hifadhi ya pamoja. Hifadhi hiyo inaweza kuwa Ceph, inayounganisha diski zilizo ndani ya nodi zenyewe kuwa hifadhi moja, NAS (seva ya faili) ya nje kwa itifaki ya NFS, au SAN (hifadhi ya diski ya mtandaoni) kwa itifaki ya iSCSI. Umeme umekatika na UPS, yaani betri ya akiba, inahesabu dakika, au jengo zima linazimwa kwa matengenezo. Unabonyeza Shutdown kwenye nodi zote tatu kwa pamoja, na hapo matatizo yanaanza: moja inaganda, nyingine inajiwasha upya, na asubuhi VM za uhasibu hazifunguki.

Karibu dalili zote nitakazozieleza zina mzizi mmoja. Kitu kinachotegemewa kimezimwa kabla ya kile kinachokitegemea. VM inaitegemea hifadhi. Hifadhi inautegemea mtandao. Klasta nzima inaitegemea akidi, yaani zaidi ya nusu ya nodi ziwe hai na zisikizane. Ukilishika hilo, dalili nyingi utazitambua kabla hujafungua logi.

## Mfuatano unaotakiwa

Zima VM za watumiaji kwanza, kisha hifadhidata, kisha zile zinazotegemewa na wote kama DNS na seva ya domeni. Hakikisha hakuna VM iliyobaki hai. Baada ya hapo simamisha HA, yaani huduma ya Proxmox inayoiwasha tena VM iliyokufa, halafu iandae Ceph kama ipo, halafu zima nodi. Hifadhi ya nje huzimwa baada ya nodi zote kuzimika, na swichi huwa ya mwisho kabisa. Kuwasha ni kinyume chake: swichi, hifadhi, nodi, VM.

Neno "hakikisha" hapo juu ndilo linalorukwa. Amri kurudi bila kosa si ushahidi kwamba kazi imekwisha. Kati ya hatua na hatua uliza mfumo:

```
pvesh get /cluster/resources --type vm
ha-manager status
ceph -s
```

Msimamizi anayeuliza hivi anatumia dakika mbili zaidi, na dakika hizo ndizo zinazomwokoa.

## VM inakataa kuzimika

Unaona `VM quit/powerdown failed - got timeout`. Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni ajenti ya QEMU, programu ndogo inayokaa ndani ya VM na kupokea maagizo ya Proxmox. Kama mipangilio ya VM inasema ajenti imewezeshwa lakini ndani ya mfumo endeshi haikusakinishwa, au imesimama, Proxmox hutuma ombi la kuzima kwa ajenti na kusubiri jibu lisilokuja. Jaribu `qm agent 101 ping`. Ikishindwa, ingia ndani ya VM uizime kutoka huko, kisha siku ya utulivu sakinisha ajenti au ondoa alama yake kwenye mipangilio.

Bila ajenti, Proxmox hutuma ishara ya ACPI, sawa na mtu kubonyeza kitufe cha kuwashia. Windows iliyopangwa ipuuze kitufe hicho, au iliyo katikati ya kusakinisha masasisho, haitatii kwa wakati.

Chanzo kingine ni muda wenyewe. Kwa kawaida Proxmox husubiri VM kwa sekunde 180 na kontena kwa sekunde 60. Hifadhidata yenye RAM kubwa na kashe iliyojaa inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Iongezee muda kwenye mipangilio yake:

```
qm set 101 --startup order=1,up=60,down=600
```

Namba ya `order` inapanga pia zamu ya kuzima: yenye namba ndogo huwaka mapema na huzimika mwisho. Kwa hiyo DNS ipewe 1, hifadhidata 2, programu zinazoitegemea 3. Ila ujue kwamba VM zilizo chini ya HA hazifuati mpangilio huu. Watu wengi hupanga zamu kwa uangalifu mkubwa kisha wakaweka VM zote kwenye HA, na kazi yote ikapotea.

`qm stop` ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. Itumie pale tu ambapo betri inakaribia kuisha na umeshajaribu njia nyingine. Kama ni lazima, anza na VM zisizoandika mengi, na uiache hifadhidata ipate muda wote uliobaki.

## Umeizima VM, baada ya muda mfupi iko hai tena

Hii ni HA inafanya kazi yake. Umeingia ndani ya VM na kuandika `poweroff`, na HA inaona mashine inayotakiwa kuwa hai imekufa, basi inaiwasha. Kwa VM za HA tumia kiolesura cha Proxmox au `qm shutdown`, kwa sababu njia hizo hubadilisha hali inayotakiwa kuwa `stopped`. Unaweza pia kusema moja kwa moja:

```
ha-manager set vm:101 --state stopped
```

Kwa VM ya HA, `qm shutdown` hurudi papo hapo baada ya kuliwasilisha ombi tu. VM yenyewe bado iko hai. Hati yako ya kuzima (skripti) ikiendelea na hatua inayofuata kwa kuamini amri imemaliza, itazima hifadhi chini ya miguu ya mashine zinazoandika.

Sura nyingine ya tatizo hili: unazima nodi ya kwanza, na VM zake zinaibukia kwenye nodi ya pili. Sera ya kawaida ya Proxmox inaitwa `conditional`. Nodi ikiwashwa upya, VM zake hugandishwa zikiisubiri irudi. Nodi ikizimwa kabisa, VM zake huchukuliwa na nodi zilizobaki. Kwa kuzima nodi moja hiyo ni sera nzuri. Kwa kuzima klasta nzima ni balaa, kwa sababu VM zinakimbilia nodi ambayo nayo inakaribia kuzimwa. Ndiyo maana VM huzimwa kwanza zikiwa kwenye nodi zao, wala hatuiachii nodi ifanye hivyo inapozimika.

## Nodi inajiwasha upya katikati ya kazi

Hapa ndipo watu huogopa na kudhani kifaa kimeharibika. Umezima nodi ya kwanza, ukazima ya pili, na ya tatu ikiwa bado inafunga VM zake, skrini inakuwa nyeusi ghafla na BIOS inatokea.

Hesabu ni hii. Klasta ya nodi tatu inahitaji kura mbili ili akidi itimie. Nodi ya pili ilipoondoka, ya tatu ilibaki na kura moja. Nodi yenye huduma hai za HA huwa imewasha kipima muda kiitwacho wochidogi, na kipima muda hicho kinahitaji kuguswa kila mara ili kisilipuke. Nodi iliyopoteza akidi haiwezi kuhuisha kufuli lake la HA, hivyo inaacha kukigusa, na baada ya kama sekunde 60 inajiwasha upya kwa nguvu. Imefanya hivyo kwa makusudi. Ikiwa peke yake haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au mtandao umekatika, na kama wenzake wako hai, huenda wameshaanza kuziwasha VM hizohizo kwenye diski zilezile. Bora nodi ife kuliko mashine mbili ziandike kwenye diski moja.

Ushahidi utaukuta kwenye logi ya uwashaji uliopita:

```
journalctl -b -1 | grep -E "watchdog|lost_agent_lock|quorum"
```

Ukiona `client watchdog expired` au `lost_agent_lock`, acha kutafuta RAM mbovu.

Tiba ni kuisimamisha HA kabla ya kugusa nodi yoyote, baada ya VM zote kuzimika. Kuna zamu hapa pia. Simamisha LRM (huduma ya HA ya kila nodi) kwenye nodi zote kwanza, halafu ndipo CRM (msimamizi wa HA wa klasta nzima) kwenye nodi zote:

```
systemctl stop pve-ha-lrm     # nodi zote
systemctl stop pve-ha-crm     # nodi zote, baada ya LRM zote
```

LRM inaposimama humwomba CRM agandishe huduma zake, kisha hufunga wochidogi kwa adabu. Ukitangulia kumwondoa CRM, LRM hana wa kumwomba. Huduma hizi mbili zitaanza zenyewe nodi zitakapowaka.

Dalili hiyohiyo hutokea bila kuzima nodi hata moja, pale swichi inapozimika kwanza. Nodi zote tatu hupoteza akidi kwa wakati mmoja, na zote zenye HA hujiwasha upya kwa pamoja. Nimeona vyumba vya seva ambavyo nodi zimechomekwa kwenye UPS ya bei kubwa na swichi ya klasta imechomekwa ukutani. Kama utachukua jambo moja tu la kufanya leo kutoka kwenye ukurasa huu, kaangalie waya wa umeme wa swichi yako unaishia wapi.

Kwa klasta ya nodi mbili hali ni ngumu zaidi, maana kuondoka kwa nodi moja tu kunavunja akidi. Weka QDevice, huduma inayotoa kura ya ziada tu, kwenye kompyuta ndogo ya tatu, na iwe miongoni mwa vitu vinavyozimika mwisho.

## Nodi mbili zimezimika, ya tatu imeganda

Hakuna kujiwasha upya, hakuna kosa, VM kwenye nodi ya mwisho zimesimama tu. Kama hifadhi ni Ceph iliyo ndani ya nodi, chanzo ni hesabu kama ile ya akidi, mara hii upande wa data. Bwawa la kawaida la Ceph linaweka nakala tatu, `size 3`, na linahitaji angalau mbili ili kuruhusu kusoma na kuandika, `min_size 2`. Nodi mbili zikiondoka, nakala inayobaki ni moja, na Ceph inasimamisha kila ombi mpaka nyingine irudi. VM inayojaribu kuandika yale ya mwisho kabla ya kuzimika inasubiri diski ambayo haitajibu.

Hili ndilo linalotokea ukibonyeza Shutdown kwenye nodi zote tatu kwa wakati mmoja. Kila nodi inazima VM zake yenyewe. Zenye VM chache zinamaliza mapema na kuondoka na diski zao. Iliyobebeshwa hifadhidata kubwa ndiyo inayobaki ikizama, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo yenye data ya thamani.

Ukiwa umeshakwama na betri bado ipo, washa nodi moja kati ya zilizozimwa. Moni za Ceph, yaani huduma zake zinazofuatilia hali ya hifadhi na kupiga kura, zikirudi kuwa mbili na diski zake zikapanda, maombi yaliyosimama yataendelea na VM itamaliza kuzimika. Hiyo ni salama kuliko kushusha `min_size` kuwa 1 ukiwa na haraka.

Njia sahihi ni hii. VM zote zikishazimika, na `ceph -s` ikionyesha afya njema, zuia Ceph isijitibu wala kupokea maombi kwa bendera hizi:

```
ceph osd set noout
ceph osd set norecover
ceph osd set norebalance
ceph osd set nobackfill
ceph osd set nodown
ceph osd set pause
```

Bila `noout`, diski iliyokosekana kwa dakika 10 huhesabiwa kuwa imetoka, na Ceph huanza kunakili data kwenda kwingine. Katika zoezi la kuzima na kuwasha, kunakili huko ni mzigo mtupu.

Kama mna CephFS (mfumo wa faili wa Ceph) iliyounganishwa kwenye nodi kwa ajili ya faili za ISO au bakapu, itoe kabla ya kuweka `pause`. Ukichelewa, kuitoa kutahitaji maombi ambayo umeshayafungia, na nodi itaganda ikizimika. Tumia `pvesm set` yenye `--disable 1` kwa hifadhi hiyo, kisha `umount` kwenye kila nodi.

Baada ya bendera hizo, zima nodi zisizo na moni, halafu zenye moni. Kwenye klasta ya nodi tatu kwa kawaida zote zina moni, kwa hiyo zima tu moja baada ya nyingine.

## "A stop job is running" na saa inaendelea kuhesabu

Nodi imefika mwisho wa kuzimika, skrini inaonyesha mstari huo, wakati mwingine ukiwa na `no limit` mbele yake. Kuna kitu kinasubiri hifadhi isiyokuwepo.

Kwa NFS, chanzo cha kawaida ni kwamba NAS ilizimwa mapema, au ilizimika yenyewe kwa sababu ina UPS yake ndogo. Maunti ya NFS, yaani muunganisho wa folda ya NAS kwenye nodi, kwa kawaida ni ngumu, yaani keneli hurudia ombi bila kukata tamaa. Tabia hiyo inalinda data, kwa hiyo usikimbilie kuibadilisha kuwa laini kwa diski za VM. Wakati nodi bado inakubali amri, tafuta walioganda:

```
ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd | awk '$2 ~ /^D/'
```

Mchakato wenye hali D mara nyingi haufi hata kwa `kill -9`. Ukiweza, washa NAS tena. Baada ya muda mfupi kila kitu kitajifungua chenyewe. Ikiwa NAS haiwezi kurudi, `umount -f -l /mnt/pve/nas` itaiachilia nodi, lakini chochote kilichokuwa hakijaandikwa kimepotea, na ulijue hilo kabla ya kubonyeza Enter.

Kuna mpangilio mmoja unaozalisha tatizo hili kila mara: NAS iliyo VM ndani ya klasta ileile inayoitumia. Nodi inaizima VM hiyo pamoja na nyingine, halafu inabaki ikisubiri maunti ya mashine iliyoiua yenyewe. Kama huna namna ya kuihamisha, ipe `order=1` ili izimike mwisho, isiwe kwenye HA, na uzime hifadhi yake kwenye Proxmox kabla ya kuizima yenyewe.

Kwa iSCSI kuna mambo mawili. Kipindi cha open-iscsi kilichokatika husubiri sekunde 120 kabla ya kutangaza kosa. Juu yake, kama multipath (huduma ya kuifikia diski moja kwa njia kadhaa) imepangwa kupanga maombi foleni njia zote zinapokufa, kusubiri hakuna mwisho. Amri hii inaifungua foleni ili makosa yarudi na nodi iendelee kuzimika:

```
multipathd disablequeueing maps
```

Tena, ni amri ya kukubali hasara. Ukifuata zamu hutaihitaji: VM zimezimika, `vgchange -an` kwa kundi la LVM lililo juu ya SAN, `multipath -F`, kisha `iscsiadm -m node -U all`. Hapo SAN haina mteja hata mmoja, na unaweza kuizima kupitia kiolesura chake ili iandike kilichomo kwenye kashe. Usiizime kwa swichi ya nyuma.

## UPS ilifanya kazi, klasta ikaumia vilevile

UPS nyingi maofisini kwetu zilinunuliwa ili kuziba pengo la sekunde chache kabla ya jenereta kushika. Jenereta isiposhika, pengo hilo ndilo muda wote ulio nao. Tarehe 25 Agosti 2023, Kenya ilipoingia gizani karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikaa bila umeme kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Panga kuzima kwako kana kwamba jenereta haipo.

Wengi hutumia NUT, programu inayowasiliana na UPS na kuzima seva. Nodi au NAS yenye waya wa USB wa UPS ndiyo `primary`, nyingine ni `secondary`. Betri ikifika chini kabisa, `primary` hutangaza kuzima, na wote huanza. Tatizo ni kwamba `primary` huwasubiri wenzake wajitoe kwenye mawasiliano kwa muda wa `HOSTSYNC` tu, ambao kwa kawaida ni sekunde 15, kisha nayo huzimika. Kama `primary` ni NAS, itaondoka wakati VM zina dakika kadhaa mbele yao. Kuongeza `HOSTSYNC` peke yake hakutoshi, kwa sababu nodi hujitoa kwenye mawasiliano mapema, kabla haijazimika kweli.

Suluhisho ninaloliamini ni kutosubiri betri iishe. Anza kuzima kwa mpangilio baada ya dakika chache za kukosa umeme, na uache ishara ya betri kuisha iwe kinga ya mwisho:

```
AT ONBATT * START-TIMER zima-klasta 300
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima-klasta
```

Mistari hiyo inakaa `upssched.conf`. Ikitimia, inaita hati moja iliyo kwenye nodi moja, na hati hiyo ndiyo inayofuata zamu yote kwa SSH: VM, uhakiki, HA, bendera za Ceph, nodi nyingine, nodi yenyewe. Kabla ya kuchagua 300, pima zoezi zima linachukua muda gani kwenye klasta yako, na pima UPS inadumu muda gani ikiwa na mzigo halisi. Namba inayoonyeshwa na UPS ikiwa na betri ya miaka minne usiiamini bila kuipima.

Umeme ukirudi hati ikiwa imeshaanza, iache imalize. Klasta iliyozimwa nusu na kuwashwa nusu ni ngumu kuielewa kuliko iliyozimika yote.

Na hapo huja dalili nyingine: umeme umerudi, seva zimelala. BIOS imepangwa kuwasha seva umeme ukirejea, lakini UPS haikukata umeme hata mara moja, hivyo seva hazikuona lolote limerejea. NUT ina uwezo wa kuiamuru UPS ikate na kurudisha umeme baada ya wote kuzimika. Uwezeshe na uujaribu kwa aina ya UPS uliyo nayo, maana si zote zinazotii. Vinginevyo hakikisha unafika kwenye IPMI ya seva, njia ya kuidhibiti kwa mbali hata ikiwa imezimwa, ukiwa nje ya ofisi.

## Kila kitu kimewaka, hakuna kinachofanya kazi

Anza na akidi: `pvecm status`. Ukijaribu kuwasha VM na kuambiwa `cluster not ready - no quorum?`, nodi ziko hai chache au hazisikizani. VM zenye alama ya kuwaka zenyewe pia zinaisubiri akidi kabla ya kuanza, kwa hiyo kimya cha dakika za mwanzo ni cha kawaida.

Utakutana na ushauri wa `pvecm expected 1`, unaoifanya nodi moja ijione imetimiza akidi. Naomba usiutumie kabla ya kwenda kwa miguu yako, au kwa IPMI, kuthibitisha kwamba nodi nyingine zimezimika kweli. Nodi unayodhani imekufa kumbe imekatika mtandao tu inaweza kuwa bado inaendesha VM 101. Ukiiwasha VM 101 hapa, mifumo miwili itaandika kwenye diski moja bila kujuana, na uharibifu huo hauna tiba zaidi ya bakapu.

Akidi ipo, lakini VM zinawaka na kuganda kwenye skrini ya kwanza? Angalia `ceph -s`. Ukiona `pauserd,pausewr`, umesahau bendera. Subiri diski zote ziwe `up`, kisha ziondoe kwa kinyume:

```
ceph osd unset pause
ceph osd unset nodown
ceph osd unset nobackfill
ceph osd unset norebalance
ceph osd unset norecover
ceph osd unset noout
```

`noout` ndiyo inayosahaulika zaidi kwa kuwa haizuii kitu kinachoonekana. Wiki kadhaa baadaye diski inakufa, na Ceph haijitibu.

Ceph ikilalamika `clock skew`, saa za nodi zimeachana kwa zaidi ya sekunde 0.05. Baada ya kukatika umeme hii ni ya kutarajiwa kama nodi zinachukua saa kutoka intaneti na intaneti bado haijarudi, au kama betri ndogo ya bodi ya mama imechoka. Tazama `chronyc tracking`. Kwa kudumu, fanya ruta au nodi moja iwe chanzo cha saa cha wenzake ili wakubaliane hata bila intaneti.

Hifadhi ya NFS yenye alama ya kuuliza ya kijivu kwenye kiolesura mara nyingi ni NAS iliyo bado inawaka. Ila kama umeiandika kwa jina badala ya anwani ya IP, na DNS inayolijua jina hilo ni VM iliyo ndani ya NAS hiyohiyo, hakuna kitakachowaka mpaka uingilie. Andika jina hilo kwenye `/etc/hosts` ya kila nodi. Mtego wa aina hiyo upo kwa seva ya domeni inayohitajika ili uingie kwenye kiolesura; weka akaunti ya `root@pam` ambayo nenosiri lake liko mahali panapofikika bila klasta.

VM za HA zilizozimwa kwa njia sahihi hazitawaka zenyewe, kwa sababu hali yake ilibaki `stopped`. Hilo si kosa. Ziwashe kwa `ha-manager set vm:101 --state started`, hifadhidata kwanza.

Walio kwenye vSAN, hifadhi ya pamoja ya VMware, wana njia fupi: tangu vSphere 7.0 Update 3 kuna zana ya kuzima klasta nzima inayofuata zamu yenyewe. Itumie, usizime nodi za ESXi moja moja kwa mkono.

## VM iliyozimika vibaya kabla hujaikabidhi

Kama yoyote kati ya VM iliuawa, iache imezimwa kwanza na uchukue snapshoti, yaani picha ya diski ilivyo wakati huo. Kurekebisha mfumo wa faili kunaweza kuongeza uharibifu, na bila snapshoti huna pa kurudi. Kwa diski ya qcow2 iliyo kwenye NFS, endesha `qemu-img check` VM ikiwa imezimwa. Kwenye Ceph, `ceph health detail` itakuambia kama kuna kundi la data lenye hali ya `inconsistent`.

PostgreSQL na InnoDB ya MySQL hujirudisha zenyewe kutoka kwenye jarida lao, mradi diski ilisema ukweli iliposema "nimeandika". Diski za SSD za bei ya chini zisizo na kinga ya kukatika umeme hazina uhakika huo, wala VM iliyowekewa kashe ya `unsafe`, ambayo hupuuza maombi ya kuandika kwa hakika. Majedwali ya zamani ya MyISAM hayajirudishi. Yafanyie `CHECK TABLE` moja moja. Mhasibu athibitishe miamala ya mwisho kabla ya mlango kufunguliwa kwa watumiaji wengine, na bakapu ya usiku huo iandikwe kwenye faili mpya, isiifute ya jana.